Sisi si mapambo: meza irudishwe kwa mwenye kutengeneza



Tunaandika tamko hili juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: maonyesho ya vijana wanaotengeneza vitu. Munayajua. Siku mbili ao tatu, mu ukumbi ao mu kiwanja cha masomo, wanaita vijana waje na kazi ya mikono yao: masini ya kuangulia mayai, redio ya FM iliyofungwa ndani ya bidoni, robo yenye mota za printa ya zamani, pampu inayokula jua, programu ya simu ya kutafuta damu ya kundi fulani mu hospitali za mji. Ku mlango wanafunga kitambaa kikubwa cha maandishi: "uvumbuzi", "dijitali", "kijana njo kesho ya inchi". Kisha zinaanza hotuba.

Tuseme mapema ili mtu asitubadilishie maneno: hatuko kinyume na maonyesho. Tunayataka zaidi, tunayataka mu kila komini. Tunachokataa ni kugeuzwa mapambo. Kijana aliyelala saa nane za usiku akichomelea waya hakuja pale apendezeshe foto ya mtu mwingine. Alikuja kuonyesha kitu, kuulizwa, kukosolewa, kupata mnunuzi ao mwenzake wa kazi. Kama hivyo havipatikani, basi kile si maonyesho ya ufundi. Ni mkutano wa siasa wenye robo pembeni.

Vile inapita kwetu

Tunaongea mambo ambayo tunayajua. Kati yetu kuna walioonyesha, kuna waliotembelea, kuna waliobeba viti na kufunga waya.

Kwanza, meza inalipwa. Kijana aliyekusanya mota moja moja kwa miezi anaombwa dolari za standi, kisha za badji, kisha za "usalama". Risiti hapewi, ao anapewa kikaratasi kisicho na muhuri. Lakini kampuni kubwa inawekwa karibu ya mlango, na mwavuli wake, na muziki wake, na sisi tunasukumwa nyuma, upande wa choo. Tunauliza: ile feza ni nini? Kama ni mchango wa mwenye kuandaa, aseme unalipia nini, na aonyeshe hesabu. Kama ni kodi, kifungu cha 174 cha Katiba yetu kinajulikana: hakuna kodi isipowekwa na sheria.

Pili, umeme. Munaita vijana waje na masini, na munasahau prizi! Meza kumi, ralonji moja. Grupu inawashwa kwa ajili ya mikro na muziki. Mwenye masini ya mayai anakaa siku nzima akieleza kwa mikono vile ingetembea kama kungekuwa kuran. Mgeni wa heshima akifika, dakika kumi na tano kila kitu kinawaka. Akiondoka, giza.

Tatu, kungojea. Tunaambiwa tufike saa moja asubuhi. Mlango unafungwa kwa wananchi mpaka mukubwa afike. "Mungojee, mheshimiwa iko mu njia." Saa nne, saa sita, saa nane. Wanafunzi waliokuja kwa mguu wanarudi kwao. Mama aliyeleta redio yake imekufa, akitumaini atapata fundi wa kumweleza, anarudi kwake. Halafu mukubwa anafika na kamera zake, anasimama sekunde chache ku kila meza, anauliza: "Hii umetengeneza wewe mwenyewe?" Hangojei jibu. Jioni ku televizyo tunaona uso wake na mgongo wa masini.

Nne, zawadi. Wanapiga foto na cheki kubwa ya kadibodi. Cheki ya kadibodi hakuna banki inayoipokea. Mshindi anapanda na kushuka ofisini, leo "sinyature inakosekana", kesho "mdhamini bado hajatuma". Mwaka unaisha. Mwaka unaofuata wanamwita tena aje kama "mfano kwa vijana".

Tano, na hili njo linatuuma zaidi: karatasi. Kabla ya kupata meza, wanakuomba mchoro, maelezo ya ndani, bei ya kila kipande, foto za pande zote. Unajaza, kwa sababu unataka kuonekana. Kisha siku moja unasikia wazo lako limeandikwa mu mradi wa watu wengine, na lugha nzuri kuliko yako, na feza ambazo wewe hutaziona. Hakuna karatasi uliyobaki nayo ya kusema: hii ilikuwa yangu.

Hatutaji mtu wala ofisi. Desturi hii imeota mizizi mu miji mingi, na jina moja likitajwa, wengine wote watajificha nyuma yake.

Maonyesho ya namna hii yalizaliwa kwa ajili gani

Hatuongelei foire ya biashara kama FIKIN ya Kinshasa, fashi watu wanaenda kuuza, kununua, kunywa na kusikiliza muziki. Ile ina kazi yake. Tunaongelea maonyesho ya watu wanaotengeneza kwa kupenda, kwa shida, ao kwa vyote viwili.

Yale yaliyojulikana zaidi duniani yanaitwa Maker Faire. Ya kwanza ilifanyika mu mwezi wa 4 mwaka 2006, San Mateo, California, na watu wa gazeti la Make ambalo Dale Dougherty alilianzisha mwaka mmoja mbele. Muangalie vile waliandika jina: Faire. Kwa Kiingereza ni namna ya zamani ya kuandika neno la soko ao sikukuu. Lakini sisi tuliosoma Kifaransa tunasoma kitu kingine: faire, kufanya. Ni bahati ya herufi tu, lakini inatufaa. Kwetu tumebaki na foire, tumepoteza faire.

Kanuni za pale zilikuwa nyepesi. Mtu anayeonyesha kazi yake bila kuuza hakulipishwa meza. Aliyekuja kufanya biashara njo alilipa. Mwenye kitu anasimama karibu ya kitu chake, si mu kiti cha mbele akisikiliza hotuba. Mtembeleaji anaruhusiwa kugusa, kufungua, kuuliza. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukaa meza moja na injenia mzee. Na kitu ambacho hakijaisha kinakubaliwa, hata kile kilichokataa kutembea, kwa sababu mwenye kukosa anafundisha wengi fashi ya kosa iko wapi.

Afrika haikungojea miaka mingi. Mwaka 2009 Maker Faire Africa ilikusanyika Accra, Ghana. Mwaka 2010 ikaenda Nairobi, 2011 Cairo, 2012 Lagos. Kijana Kelvin Doe wa Freetown, Sierra Leone, aliyetengeneza batri na redio yake kwa vitu alivyookota mu takataka, alifika mu maonyesho makubwa ya New York mwaka 2012 na akaongea mbele ya watu juu ya kazi yake. Mwaka 2013 mu Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alionyesha dunia printa ya kuchapa vitu vya plastiki, iliyofungwa kwa vipande vya kompyuta na skana zilizotupwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza na feza ya serkali. Walianza na takataka, na mtu aliyekubali kuangalia.

Kwetu? Ufundi haujawahi kukosa. Chukudu ya Kivu haikutoka mu chuo kikuu. Ni mbao, misumari, vipande vya pineu ku magurudumu, na akili ya mtu aliyetaka kushusha makala na viazi kutoka milimani bila gari. Ilifikia kuwekewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya Goma. Mu Kinshasa, tangu 2013, injenia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha marobo ya kuongoza magari ku njia panda, yanayotumia jua. Mu Menkao, upande wa Kinshasa, Jean-Patrice Keka na watu wake walirusha roketi walizoziita Troposphère. Museme munavyotaka juu ya roketi ile, lakini kuna watoto waliosikia habari yake na wakatamani kusoma hesabu.

Kwa hiyo mtu asituambie Mukongomani hana uvumbuzi. Kinachokosekana ni fashi ya heshima, ambapo mwenye kutengeneza anakutana uso kwa uso na mwenye kuhitaji.

Swali ni heshima

Mu Lagos, mwaka 2012, wasichana wanne wa masomo walileta jenereta waliyosema inatumia mkojo. Habari ilizunguka dunia nzima. Wengine walipiga makofi na kuishia pale. Lakini walikuwako pia wenye elimu waliosema: kutoa hidrojeni ndani ya mkojo kunakula umeme, na umeme ule ni mwingi kuliko ule jenereta itakaorudisha; basi mupime, mutuonyeshe hesabu.

Kuna waliokasirika, wakasema wanawavunja moyo watoto. Sisi tunasema hapana. Swali lile lilikuwa heshima kubwa kuliko makofi. Anayekuuliza hesabu amekuchukua kuwa injenia. Anayekupigia makofi bila kuangalia amekuchukua kuwa mtoto anayecheza.

Njo maana tunakasirika na maonyesho ya kwetu. Hakuna anayeuliza! Mukubwa haulizi kwa sababu hana wakati. Mwandishi wa habari haulizi kwa sababu alilipiwa njia aje kumfuata mukubwa. Juri haiulizi kwa sababu mshindi alishajulikana. Kijana anarudi nyumbani na seti ya makofi, na masini yake iko na kosa lilelile la asubuhi. Mwaka wa pili analeta masini ileile, kosa lilelile. Mwaka wa tatu haleti kitu. Ameuza vyombo vyake, anaendesha moto, ao amevuka mpaka kutafuta fashi wanamosikiliza. Mu inchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kijana anayejua kufunga batri tunamwacha aende hivihivi.

Feza ya nani, kwa masharti gani

Watatuambia: bila wadhamini hakuna maonyesho. Hatukatai feza ya mdhamini. Tunakataa feza isiyokuwa na masharti yaliyoandikwa na kusomwa na wote.

Hata kule yalikozaliwa, jambo hili liliwachoma. Mwaka 2012, Mitch Altman, mmoja wa watu waliopendwa sana mu maonyesho yale, alitangaza wazi kwamba mwaka ule hatasaidia, kwa sababu waandaaji walipokea feza ya DARPA, ofisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, kwa mradi wa masomo. Unaweza kumpa haki ao usimpe. Lakini aliuliza mbele ya watu, na walijibizana mbele ya watu. Kwetu mtu akiuliza feza imetoka wapi, wanamuuliza yeye ametumwa na nani.

Na feza kubwa hailindi kitu. Maonyesho ya California yalifikia kukusanya zaidi ya watu 100,000, lakini kampuni iliyoyashika, Maker Media, ilifunga kazi mu mwezi wa 6 mwaka 2019 feza zilipokosekana. Mu miji mingine mingi maonyesho yaliendelea, kwa sababu yalishikwa na watu wa palepale: masomo, maktaba, vikundi vya mafundi. Somo ni rahisi. Maonyesho yanayosimama ku mguu mmoja wa tajiri, tajiri akiondoka yanaanguka. Yanayosimama ku miguu ya kartye yanabaki.

Wanaotujibu

Kuna watakaosema: "Inchi iko mu vita, na ninyi munasemea robo?" Ndiyo, tunasemea. Mwezi wa 1 mwaka 2025, vita ilipofika ndani ya Goma, umeme ulikatika, maji yakakatika. Mu siku za namna ile nani anatafutwa? Mwenye pano ya jua anayejua kuchaji simu za avenyi nzima. Mwenye kutengeneza pampu. Mwenye kufufua redio ili watu wasikie habari. Watu hawa hawazaliwi siku ya hatari. Wanakuwa wamejifunza mbele, fashi fulani, kwa mtu fulani, wakionyeshana. Karibu Wakongomani 8 kwa 10 wanaishi bila umeme. Mu inchi ya namna hiyo, kijana mwenye waya na batri hachezi.

Wengine watasema: "Vitu vyenu ni kopi, China wanavyo tayari na bei ya chini." Kweli, vingine ni kopi. Lakini anayekopi pampu anajua kuitengeneza ikikufa, na anayenunua tu anabaki na chuma. Masini ya mayai ya duka imefikiriwa kwa inchi isiyokatika kuran. Ya kijana wa Butembo imefikiriwa kwa inchi inayokatika mara tano kwa siku. Ile si kopi tena.

Na kuna wazee wetu watakaosema, kwa upendo: "Watoto, mujipange tu, Article 15." Wazazi wetu, tunawaheshimu. Article 15 imetulisha, imetusomesha. Lakini haijawahi kuandikwa mu Katiba tuliyopiga kura. Kilichoandikwa ni kifungu cha 46: uhuru wa kuvumbua na wa utafiti wa sayansi na teknolojia, na haki ya mwenye kazi ya akili kulindwa na sheria. Sheria ya breve tunayo tangu tarehe 7 Januari 1982, namba 82-001. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2022 tuna hata amri yenye nguvu ya sheria juu ya ujasiriamali na startapu. Basi mutuonyeshe vile zinatembea. Mtu wa Bunia anayetaka breve, mambo yake yanamalizikia Kinshasa, na Kinshasa haendi kwa mguu.

Kwa wenzetu wanaoonyesha

Tamko la namna hii likilaumu bakubwa tu, ni uongo nusu. Tuna maneno kwetu wenyewe pia.

Usilete kitu usichoweza kufungua mbele ya watu. Kama ulinunua kadi ya Arduino, sema umeinunua, haya hakuna. Kazi yako ni ile uliyoifanya juu yake. Mchoro wa kadi ile waliuachia dunia nzima, na hivyo njo ilifika mpaka kwetu. Ukisema umetengeneza kila kitu wewe mwenyewe, fundi mmoja atakuja, atafungua kifuniko, na haya yako itatupata wote.

Andika ku karatasi mbele ya meza: kitu kinafanya nini, kinakula umeme kiasi gani, kilikugarimu franga ngapi, na nini bado inakataa. Hasa hilo la mwisho. Leta batri yako mwenyewe, iliyochajiwa nyumbani, usitegemee prizi ya mtu. Leta vyombo vyako na fyuzi za akiba. Mukae wawili ku meza moja, ili mwenzako abaki wewe ukienda kuangalia kazi ya wengine, maana anayeonyesha tu bila kutembelea anarudi na akili ileile.

Na fikiri mbele ya kujaza fomu. Mu sheria za breve za inchi nyingi, kitu kikishaonyeshwa hadharani, upya wake unaweza kupotea. Kwa hiyo chagua. Ao unaficha sehemu ya ndani mpaka uandikishe, ao unaiachia watu wote wazi, na jina lako na tarehe juu ya mchoro. Njia zote mbili ni za heshima. Ya tatu, kumpa mtu usiyemjua mchoro mzima kwa sababu ya badji, tuiache.

Kwa wanaotembelea

Na ninyi, wananchi, musije kama watu wa sinema. Muje na shida zenu. Mama anayeuza samaki aje aulize: hii friji ya jua inashika baridi saa ngapi? Mkulima aulize: pampu inapandisha maji metre ngapi? Makanika alete kipande kilichovunjika. Mwalimu alete darasa, na kila mtoto awe na swali moja ameliandika. Mzazi aje na binti yake, si mvulana tu. Na asimame ku meza ambapo msichana njo anaeleza. Asimwambie "niitie fundi mwenyewe". Fundi njo yeye.

Msiulize tu "munauzisha ngapi?" Muulize: inatembea ao haitembei? Inaharibika fashi gani? Nani ataitengeneza? Mukipenda kitu, munue, ao mutoe oda, hata ndogo. Fundi mwenye oda tatu mu mfuko analala vizuri kuliko fundi mwenye medali.

Tunachodai

Kwa serkali za mitaa, kwa waandaaji, kwa kampuni na mashirika yote yanayoita vijana mu maonyesho, tunadai:

1. Meza iwe bure kwa kijana anayeonyesha kazi ya mikono yake bila biashara. Anayekuja kuuza bidhaa za kampuni njo alipe, na bei ibandikwe ku mlango.

2. Kila meza iwe na prizi na mwanga kwa siku nzima. Grupu ianze na masini za vijana, mikro ifuate.

3. Mlango ufunguliwe saa iliyotangazwa. Mgeni wa heshima akichelewa, atawakuta watu wakifanya kazi. Hotuba zote pamoja zisipite nusu saa.

4. Zawadi iwe mkononi siku ya kutangazwa, ao isitangazwe. Juri itajwe mbele, na alama zake zionyeshwe.

5. Fomu isiombe michoro ya ndani. Kila anayeonyesha apewe karatasi yenye muhuri na tarehe, inayosema alionyesha nini siku gani.

6. Hesabu ya feza za wadhamini ibandikwe ku ukuta mu siku thelathini.

7. Serkali ya jimbo iweke dirisha la kupokea maombi ya breve hapa kwetu, ili kijana asilipe ndege kwa ajili ya muhuri.

8. Tangu mwaka 1999 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina maonyesho ya mafundi wadogo yanayozunguka inchi kwa inchi, yale yaliyoitwa Jua Kali/Nguvu Kazi. Congo imeingia Jumuiya mwaka 2022. Tunataka majina ya watakaotuwakilisha yachaguliwe mbele ya watu, ku meza, na mafundi wenyewe. Yasitoke mu mfuko wa mtu. Na masini ya kijana isihesabiwe ku mpaka kama mzigo wa biashara, aende nayo na arudi nayo.

Hayo manane hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji heshima na ralonji.

Hatutangojea

Wandugu, wakati tunadai, tunafanya. Tunaita kila kikundi chetu, mu kila mji, kiandae siku moja ya meza za mafundi kabla mwaka haujaisha. Muombe kiwanja cha masomo siku ya posho. Meza ni zile za darasa. Batri ni zetu. Maji na mahindi, wamama wa kartye watauza, na feza yao ni yao. Kama ni nje, ao ku barabara, kifungu cha 26 cha Katiba kinadai tujulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha si kuomba ruhusa. Tutaandika barua mapema, tutachukua kopi yenye muhuri, tutaibandika ku mlango.

Hakutakuwa na viti vya mbele. Mheshimiwa anakaribishwa kama kila mtu: aje kwa mguu, apange mustari, aulize swali, angojee jibu mpaka mwisho. Akija na kitu ambacho ametengeneza mwenyewe, tutampa meza, bure.

Jioni, kila aliyeonyesha ataandika kosa moja aliloonyeshwa na msaada mmoja anaotafuta, na tutabandika orodha ile ku ukuta wa masomo. Miezi sita baadaye tutarudi palepale kuangalia nini imetembea. Hicho njo kipimo chetu: masini ngapi zilizokuwa zinakataa zinatembea leo, na zinasaidia nani.

Mwenye kutengeneza asimame karibu ya kazi yake, mwananchi asimame mbele yake na swali lake, na anayetaka kupita katikati yao kwa ajili ya foto apite pembeni.

Sisi si mapambo. Meza irudishwe!